Zoezi la Tisa

Mchana kutwa wanakata viungo:
paja na nyonga, bega na mbavu,
kisu kikipenya pale mfupa unapoagana na mwenzake
bila ugomvi.
Jioni wanapanda ngazi hadi darasani kwangu,
juu ya maktaba ya Dungannon,
wakinukia sabuni ya kiwanda na, kwa mbali, ng'ombe,
waje wajifunze viunganishi.

Mwenyewe sikuliona hilo. Ni Adérito aliyenionyesha:
"Kule tunatenganisha, mwalimu, huku tunaunga."
Akafikiri kidogo.
"Ila kule ndiko tunakolipwa."

Juma hili ni sababu na matokeo.
Nimekata kadi kwa mkasi wa jikoni,
za njano ni sababu, za buluu matokeo,
na katikati maneno ya kuzishona.
"Because", nawaambia, hutazama nyuma,
kama mtu aliyefika kituoni
akakumbuka hakufunga mlango.
"So" haina subira, imeshavaa koti.
"Therefore" ni la mahakimu na barua za benki:
mkilikuta ndani ya bahasha,
tafuteni kiti kwanza.

Daiva akaunga zake:
Mvua ilinyesha kwa sababu mechi iliahirishwa.
Tukacheka, yeye kutuzidi sote,
akaapa kwamba kwa miaka sita aliyoishi hapa
hajaona ushahidi wa kulipinga.

Kisha Filomena, ambaye hii ni wiki yake ya tatu,
asiyevua skafu hata hita ikiwaka,
akaenda ubaoni. Akaandika polepole,
akifuta kila herufi ya tatu kwa kiganja:

Nilipiga simu kwa sababu hakupokea.

Kalamu yangu nyekundu ilikuwa imeshafika.
Umegeuza, nikamwambia. Kwanza unapiga,
halafu ndipo hapokei.
Tokeo limekalia kiti cha sababu.
Hapa tunataka "lakini".

Akatikisa kichwa.
Akafungua vidole, kumi.
Kumi. Kumi tena. Kisha vinne.
Akasema kitu kwa Kitetum, sauti ya mtu anayetaja bei,
na Adérito akatutafsiria akiitazama meza:
"Mara ya kwanza, sawa, ni lakini.
Zile nyingine alipiga kwa sababu hakupokea.
Angepokea, angeacha kupiga."

Hakuna aliyeuliza ni nani hakupokea.
Mabomba ya hita yaligonga ukutani
kama mtu wa chumba cha pili anayetaka tunyamaze,
nasi tulikuwa tumenyamaza.

Nilipokuwa na miaka tisa, nyumbani, mtaa wa tatu kutoka hapa,
nilimuuliza mama kwa nini kiti cha mjomba Fintan
kimepelekwa darini.
Alikuwa akimenya viazi. Akajibu: kwa sababu.
Nukta.
Nikasubiri lililobaki.
Ganda likaendelea kushuka, refu, bila kukatika.
Kwa miaka mingi nilidhani hiyo ni sentensi kamili,
maana watu wazima wote wa mji huu waliijua,
na hakuna aliyewahi kuwapigia mstari mwekundu.

Leo nafundisha kwamba kishazi tegemezi
hakiwezi kusimama peke yake.

Nikafunika kalamu.
Nikamwambia Filomena, ni sahihi.
Daiva akauliza, sasa tuandike ipi daftarini?
Nikasema zote mbili, na sikueleza,
na saa mbili ikagonga, wakachukua makoti,
maana zamu ya alfajiri haina viunganishi,
ina king'ora tu.

Nilikusanya kadi. Njano moja haikuonekana,
wala chini ya meza, wala nyuma ya hita.
Nikafuta ubao wote
isipokuwa mstari ule.

Asubuhi huwa kuna akina mama wa kufuma sweta.
Watakuja na mabunda yao ya sufu, watausoma,
watasema masikini, hawa wageni na Kiingereza chao.
Mmoja wao, pengine, hatasema.